Simu Iliyozikwa Kwenye Chumvi

Mimi ni fundi, na sioni haya kusema ni fundi mzuri. Baba alipofariki aliniachia meza yake ya kutengenezea redio pale Kirumba, na watu wakacheka: mwanamke na waya wapi na wapi! Wakacheka wee, halafu redio zao zikaharibika, wakaja mmoja mmoja na vichwa chini. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea mwisho, hakukuwa na kitu chenye betri mtaani kwetu ambacho sikuwahi kukifungua. Isipokuwa simu ya mkononi.

Simu yenyewe ilikuwa ya mjomba, kaka yake mama. Biashara huria ilikuwa imemkubali: alinunua samaki aina ya sangara visiwani, akawauzia wenye viwanda, na ile simu, nene kama nusu mche wa sabuni, haikumtoka mkononi hata kanisani. Siku moja ikaita katikati ya kelele za soko la Mwaloni, na aliyepiga alikuwa kaka yangu.

Kaka aliondoka kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, na kwa miaka sita hatukupata hata barua. Baba alifariki mwaka wa pili wa safari hiyo. Tulizika bila kujua pa kumpelekea habari. Sasa mtu wa kwetu aliyekutana naye huko alikuwa amempa namba ya mjomba, na swali lake la kwanza likawa, "Wazazi hawajambo?" Mjomba akajibu, "Hawajambo, wazima kabisa." Msimlaumu. Kwetu msiba wa mzazi hausemwi kwa kupiga kelele sokoni, tena kwa mtu aliye peke yake ugenini. Husemwa na mtu wa nyumbani, taratibu. Mjomba akamwambia apige tena Jumapili, saa kumi alasiri, aongee na mama.

Mama aliposikia alilia, akajifuta kwa kanga, akasema, "Nitamwambia mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu."

Alhamisi mjomba alivuka kwenda Ukerewe, akamwachia mama simu. Mama alikuwa anatengeneza kayabo, yaani sangara anayepasuliwa na kulazwa kwenye chumvi mpaka akauke, ndipo asafirishwe Kongo. Simu aliichomeka kifuani. Ijumaa asubuhi akainama ziwani kusuuza samaki, chubwi! Ikazama, akaiopoa inachuruzika maji.

Angeniletea pale pale, ningeimaliza kabla ya chai. Lakini mama alijua njia moja tu ya kutoa maji kwenye kitu, na njia hiyo ndiyo iliyotulisha. Aliizika simu kwenye pipa la chumvi, akaifunika vizuri, akakaa kimya akisubiri ikauke.

Jumamosi mchana akaja mezani kwangu na kifurushi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, macho pembeni.

Nikafungua. Chumvi imejaa kwenye vitufe, imejaa kwenye tundu la chaji, imeganda kila mahali.

"Mama! Hii ni simu au sangara?"

"Chumvi si inavuta maji?"

"Inavuta maji na inakula chuma!" Nilimfokea mama yangu mbele ya wateja, na mpaka leo naona aibu. Alikaa kwenye benchi, akauliza polepole, "Ikifa, mwanangu atapiga wapi?"

Hapo nikanywea, maana alisema kweli. Simu za wakati ule hazikuwa na laini ya kuchomoa ukaweka kwenye nyingine. Namba ilikaa ndani ya simu yenyewe. Nikashika bisibisi.

Niliifungua, nikachukua maji ya betri ya gari, yale masafi yasiyo na asidi, nikayamimina humo ndani. Mama akaruka. "Yesu wangu! Unaizamisha tena?"

"Chumvi haitoki kwa maombi, mama. Inatoka kwa maji."

Nikasugua kutu ya kijani kwa mswaki, nikamalizia na spiriti, nikaiweka mbele ya feni. Juani sikuianika, nimeona redio nyingi zilizojikunja kwa haraka za wenye nazo. Jumapili baada ya misa nikakuta betri yake imekufa kabisa, basi nikaunga betri za tochi, nikazifunga kwa mpira wa baiskeli, nikawasha. Kioo kikawaka! Nilipiga kelele mpaka muuza mihogo jirani akamwaga mafuta.

"Nani fundi?" nikauliza.

"Wewe, mwanangu."

Nikajisifu vya kutosha, na sikujaribu kuongea na mtu kwa simu hiyo.

Saa kumi na dakika chache ikaita. Mama akaishika kwa mikono miwili, nami nikabandika sikio.

"Halo? Mama?" Sauti ya kaka ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka.

"Mwanangu! Ni mimi!"

"Halo? Mama, upo? Sisikii kitu."

Mama akapaza sauti. Kaka hakusikia. Nikajua: maiki imeliwa na chumvi. Nilitaka kulia kwa hasira, nikabonyeza kitufe bila hata kufikiri.

"Nimesikia mlio!" kaka akasema. "Mama, ni wewe? Kama ndiyo, bonyeza mara moja. Kama hapana, mara mbili."

Nikamwonyesha mama kitufe. Akabonyeza mara moja, na kaka akacheka kwa furaha.

"Dada yupo?"

Mara moja.

"Bado anaharibu redio za watu?"

Hiyo nilijibu mwenyewe, mara mbili, kwa nguvu zote.

"Haya, mpeni baba simu. Anisikie tu."

Mama akanitazama. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akausukuma. Akabonyeza mara mbili, polepole.

"Hayupo? Yuko kazini?"

Mara mbili.

"Amesafiri?"

Mara mbili.

Tulisikia magari ya huko aliko kaka yakipita. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, baba amefariki?"

Mama akafumba macho, akabonyeza mara moja.

Tukamsikia analia, mtu mzima, peke yake. "Mama, usikate," akasema. "Bado upo?"

Akabonyeza mara moja. Kila kaka alipovuta pumzi, mama alibonyeza tena.