Jagi la maji nililomimina kwenye mtungi, na jinsi Kiarugu ilivyobaki bila lori la maziwa

Wakuu, hamjambo. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini leo kuna jambo limenikaa rohoni. Sitatia chumvi, kwa sababu mwenye aibu kwenye huu uzi ni mimi mwenyewe.

Kwetu ni Kiarugu. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani.

Ni center ndogo juu ya kilima upande wa Tetu. Ukitoka Nyeri mjini unaacha lami, unapanda kwa udongo mwekundu hadi unakuta safu mbili za maduka zinatazamana. Siku hizi milango karibu yote ina kufuli lenye kutu.

Nikiwa mdogo tulikuwa na kila kitu. Duka la dawa za ng'ombe, posho mill ya kusaga mahindi, mafundi cherehani wawili ambao hawakuwa wanasalimiana, na bucha ya jamaa aliyekata nyama huku akikuuliza habari za nyumbani ili usione mifupa anayokuwekea.

Miaka ambayo kahawa ililipa, Jumamosi hukupata pa kukaa kwa hoteli ya Bi Zuhura.

Huyu Bi Zuhura nimweleze kidogo. Baba yake alitoka Majengo, Nyeri mjini, akaja kuuza vitambaa akabaki. Ilikuwa familia pekee ya Kiislamu pale, na kila Krismasi nusu ya kanisa letu ilikula pilau yake. Akiongea Kiswahili, sisi wengine tulijiona kama tuna viazi mdomoni.

Kisha bei ya kahawa ikaharibika, watu wakang'oa mibuni.

Vijana tukaanza kuondoka. Mmoja akaenda Wang'uru kwa biashara ya mchele. Wengine wakaingia Kiganjo kusomea upolisi, wakatumwa mbali. Mimi nikaenda Ruiru. Hakuna aliyehama kwa hasira, wakuu. Kila mtu alisema anaenda kidogo tu.

Maduka yakafungwa moja moja. Kilichobaki ni maziwa.

Kila alfajiri wenye ng'ombe walibeba mitungi hadi mbele ya hoteli. Lori la chama cha maziwa likifika, karani anapima, kisha watu wanaingia kwa Bi Zuhura kunywa chai na kuambiana nani mgonjwa na nani amezaliwa. Hiyo nusu saa ndiyo ilikuwa Kiarugu yote.

Lakini karani alikuwa ameshatuonya kwamba lori halitapanda kile kilima kwa chini ya mitungi minane. Nasi tulikuwa na minane kamili.

Kwetu kuna desturi. Ukipungukiwa, jirani anakumiminia kidogo mtungi wako ujae, na kesho wewe unamjazia wake. Hakuna anayeandika mahali. Shida ni kiangazi, maana hapo kila mtu amepungukiwa.

Sasa nije kwa mama.

Anaishi peke yake na ng'ombe wawili. Nilikuwa nimemwambia kwamba siku lori likiacha kuja, anahamia kwangu Ruiru. Alikubali shingo upande. Moyoni hakutaka kusikia habari hizo, kwa sababu baba amezikwa pale karibu na migomba, na kila jioni lazima apite hapo amwambie mambo ya siku.

Januari nikaenda nyumbani likizo. Goti la mama lilikuwa limevimba, kwa hivyo nikakamua mimi. Ng'ombe walinipa kidogo sana. Mama akanishikia mtungi kule jikoni penye giza, nikamimina kwa kichujio. Ukapungua kama jagi moja.

"Baba, enda kwa Ndirangu akuongezee," akaniambia. Huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake.

Mzee Ndirangu ni jirani yetu. Alikuwa ametujazia siku mbili mfululizo, na ng'ombe wake nilikuwa nimewaona, mbavu tupu. Niliona haya kubisha hodi tena.

Nikasimama kwa tanki la maji ya mvua. Nikachota jagi moja, nikamimina.

Nilijiambia jagi moja kati ya mitungi minane halitajulikana. Na haikuwa tamaa. Nilitaka tu mama abaki kwake hadi kiangazi kiishe.

Pale center karani akaingiza kipimo kwenye mtungi wetu, akakitazama. Akaenda kwa wa pili. Akaenda kwa wa tatu.

"Hii iko na maji," akasema. "Hii pia. Hata hii."

Mitungi sita kati ya minane, wakuu. Wa Mzee Ndirangu ukiwemo. Watu wote tulitazama viatu vyetu.

Karani alikuwa kijana mpole, hata hakufoka. "Wazee, na nyinyi mama zetu, si mngeniambia tu maziwa imepungua? Ata kama ni mitungi tano, bora iko safi, ningeongea na dereva. Sasa nikibeba hii naharibu tanki yote, na kazi yangu inaenda."

Akaimwaga yote sita kwenye mtaro. Lori likashuka, na halijapanda tena hadi leo.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni ameona kila kitu. "Ingieni mnywe," akasema. "Chai imeshaiva, nami sina wateja wengine." Tukaingia, tukanywa. Kabla ya Pasaka alifunga hoteli akaenda kukaa na binti yake Majengo.

Mama yuko kwangu tangu Aprili. Ghorofa ya tatu. Anaamka saa kumi na moja kila siku na kukaa jikoni bila kazi, na mimi namsikia nikiwa kitandani.

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia, nikamwambia habari ya lile jagi. Hakushtuka hata kidogo.

"Hiyo mtungi haikuwa tupu nikikushikia," akasema. "Nilikuwa nimeweka maji kikombe mbili kabla uamke. Sikutaka uone vile tumeisha."

Kisha akachukua pakiti ya maziwa ya supermarket, akaitikisa karibu na sikio. "Na hii ikiwa na maji, ni nani huimwaga?"

Nilicheka, halafu nikalia mbele ya mama yangu, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilichojifunza ni hiki. Tulikuwa tumepungua na kila mmoja alijua, lakini kila mmoja alimficha mwenzake kwa sababu ya mapenzi. Tungekubali kusema tuna mitungi mitano tu, labda lile lori lingekuwa linapanda mpaka leo. Kama kwenu pamebaki watu wachache, semeni mapema mkiwa bado mnaweza kusaidiwa.

Leteni hadithi za center zenu hapa, hata kama limebaki duka moja.

Na kama humu kuna mtu wa Kiarugu, sitaki pole. Nijibu tu kama mtungi wenu ulikuwa na maji. Wetu ulikuwa nayo mara mbili.