Simu ya Pili Kwenye Akaunti Yangu

Simu yangu ilizama kwenye tangi la maji ya mvua nyumbani kwetu Ijuganyondo, pembeni ya mji wa Bukoba, asubuhi ya siku ya shule, nilipoinama kuangalia maji yamebaki kiasi gani. Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Niliisikia inagonga maji, nikabaki nimeshika ukingo wa tangi kama mtu aliyeona mtoto ametumbukia. Simu yenyewe haikuwa kitu. Lakini ndani yake mlikuwa na meseji za mama yangu, na mama nilikuwa nimemzika Nshamba miezi michache tu kabla ya hapo.

Mama hakupenda kupiga simu. Nyumba yake ilikuwa bondeni, katikati ya kibanja, imezungukwa na migomba na mibuni, na mtandao ulikuja na kuondoka kama homa. Meseji angalau ilisubiri mpaka ipate njia. Aliandika kwenye simu yake ndogo ya kitochi kwa herufi kubwa tupu kwa sababu hakujua kuzibadilisha, bila nukta, na kila mara alimalizia kwa MAMA YAKO, kana kwamba ningeweza kudhani ni mtu mwingine. MWANA WANGE MVUA IMEANGUSHA MIGOMBA MITATU MGUU UNAUMA ILA SI SANA WATOTO WANAKULA MAMA YAKO. Ndivyo zilivyokuwa.

Mimi nami nilipendelea meseji. Tuliishi kwenye kibanja cha ukoo wa mume wangu, nyumba yetu na ya mama mkwe zikitazamana, na ukiongea na simu barazani, ndizi zikifika mezani kila mtu ameshajua ulichosema. Kwa hiyo nilimwandikia mama yale ambayo mwanamke aliyelelewa vizuri hayasemi kwa sauti. Kwamba mume wangu hanipigi wala hanitukani, anasali, analisha watoto, lakini kila mlango ninaotaka kuushika nakuta ameshaufunga. Kwamba nimechoka na sijui nimechoshwa na nini. Mama alinijibu: VUMILIA LAKINI USIFE MAMA YAKO.

Niliitoa simu tangini kwa ndoo. Nikaifukia kwenye mchele, nikaianika juani, nikampa fundi mmoja akaifungua na kuifunga. Ilikuwa imekufa.

Baada ya kupata mshahara nikanunua nyingine katika duka moja karibu na soko la Bukoba. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa hapa. Alijifunga mtandio vizuri na kuongea taratibu, na mteja akieleza shida yake alikuwa anamsikiliza mpaka mwisho. Nilipomwambia kuhusu meseji za mama, akaiweka ile simu mpya mezani.

"Mwalimu, usikate tamaa. Meseji mara nyingi hazikai kwenye simu peke yake. Kama akaunti ilikuwa imewashwa, zinahifadhiwa pia mtandaoni. Simu inakufa, zenyewe zipo."

"Zipo wapi?"

"Huko huko mtandaoni. Wengine wanasema kwenye wingu. Tukiifungua akaunti yako hapa, zitashuka zenyewe. Nipe neno la siri."

Sikuwa nalo. Ile simu iliyozama nilinunuliwa na mume wangu nilipothibitishwa kazini, akaileta imeshawashwa na kila kitu kimeshafunguliwa. "Wewe na mambo ya shule utasahau," aliniambia. Nilishukuru. Mama wa duka akasema hakuna tatizo, tutaomba namba ya uthibitisho, itatumwa kwa simu iliyoandikishwa kwenye akaunti. Akabonyeza. Kwenye kioo zikatokea tarakimu mbili za mwisho za simu itakayopokea. Zilikuwa za mume wangu.

Hata hatujakaa vizuri, simu ikaita. Ni mume wangu, akiwa Muleba kwenye kazi yake ya kusafirisha kahawa.

"Nimeletewa namba hapa. Nani anachezea akaunti yako?"

"Ni mimi. Niko dukani, nataka meseji za mama. Nisomee hiyo namba."

Nilisikia watu nyuma yake wakipakia magunia.

"Ngoja nirudi," akasema.

Alirudi, lakini kila jioni kulikuwa na sababu. Bando limeisha. Mtandao wa leo mbaya. Amechoka na barabara. Nikienda dukani peke yangu, namba ilitumwa kwake, nikampigia, akasema anaendesha gari, na ile namba ikaisha muda wake mimi nikiwa nimekaa pale kwenye stuli naangalia kioo. Mama wa duka alikuwa anahudumia wateja wengine kwanza ili nisione aibu. Nakumbuka nilivyojisikia: meseji ni zangu, mama ni wangu, jina lililoandikwa kwenye akaunti ni langu, na mimi nimesimama nje nabisha hodi.

Jioni moja nilimuuliza mezani mbele ya mama yake.

"Za nini zile meseji?" akajibu. "Mama amepumzika. Na wewe mwache apumzike."

Niliinuka nikaenda jikoni nikalia. Mama mkwe hakuwa mtu wa kuingilia ndoa yetu, lakini nilimsikia akimwambia mwanawe kwa Kihaya, bila kupandisha sauti, kwamba yeye mama yake mzazi alikufa bila hata picha, na kama leo angepewa neno lake moja tu angelinunua kwa kibanja kizima. Mume wangu alikuwa anamheshimu mno mama yake. Kesho yake akaniambia, "Jumamosi ukifika dukani nipigie. Nitakusomea. Zikishashuka, funga. Usibonyeze kitu kingine, utaharibu."

Jumamosi akasoma namba, tarakimu moja moja, kama anazing'oa. Mama wa duka akaziingiza. Kiduara kwenye kioo kikazunguka kwa muda mrefu. Halafu zikaanza kushuka. Niliona MAMA YAKO, MAMA YAKO, MAMA YAKO, zikijipanga kutoka juu hadi chini, na nikaweka kiganja mdomoni.

Mama wa duka alikuwa bado anaangalia mipangilio ili niweke neno langu jipya la siri. Akaacha kubonyeza. Akanigeuzia kioo.

"Mwalimu, hii nyingine ni ya nani?"

Ukiacha ile iliyozama, akaunti ilikuwa imewashwa kwenye simu mbili. Moja ni ile iliyokuwa mkononi mwake. Ya pili ilikuwa ya aina niliyoifahamu: simu ya zamani ya mume wangu, yenye ufa kwenye kioo, aliyosema ameigawa kwa ndugu yake wa Rubafu. Ilionyesha kwamba imefunguliwa asubuhi hiyo hiyo.

"Labda ni kosa la mtandao," nikasema.

"Inawezekana." Hakuniangalia usoni. "Ila ninavyoona, meseji zinaingia kote kote. Tangu zamani. Niitoe?"

Sijui kwa nini nilimwambia angoje. Nikachukua simu yangu, nikashuka hadi ufukweni mwa ziwa, nikakaa kwenye jiwe kwa upande wa upepo, ambako hakuna mtu anayependa kukaa. Nikasoma kuanzia mwanzo.

Nilikuwa nimekuja kumsoma mama. Badala yake nikawa nasoma maisha yangu. Hapa nimemwandikia mama kwamba nitakwenda Nshamba Ijumaa. Nakumbuka Ijumaa ile gari liliharibika. Hapa nimemwandikia nitakuja msimu wa senene, tutawachambua mbawa na miguu pamoja. Msimu ule mume wangu alisema mtoto anahitaji kupelekwa kliniki, na kwamba ni mimi tu ninayemjulia. Hapa nimemnong'oneza mama kwamba nataka kuomba uhamisho nifundishe Muleba, karibu naye, nimwangalie. Siku chache baadaye, tukitoka kanisani, mume wangu alisema kwa upole mkubwa, bila kuulizwa, kwamba mwanamke aliyeolewa hahamii kwao. Nilidhani amesoma usoni mwangu. Barua ya uhamisho sikuiandika.

Na viatu. Nilikuwa nimemwandikia mama kwamba viatu vyangu vya kazini vinavujisha maji na naona haya kuwaambia watu. Juma lile lile mume wangu akaniletea viatu vyeusi vya ngozi, saizi yangu kabisa. Nilivaa viatu vile shuleni nikijisifu. Walimu wenzangu wakasema, "Mume wako anakujua!" Nikasema ndiyo, ananijua kabla sijafungua mdomo.

Nikafika kwenye ya mwisho. JUMAMOSI NJOO KAMA UNAWEZA KIFUA KINANIBANA SITAKI KUSUMBUA WATU MAMA YAKO. Chini yake jibu langu: Nakuja mama, Jumamosi asubuhi. Ijumaa ile walifika wageni kutoka Rubafu, baba wadogo watatu wa mume wangu, naye akasema hawezi kuwapokea wazee nyumba haina mwanamke. Nilimwambia mama anaumwa. Akasema wakiondoka nitakwenda. Waliondoka Jumapili jioni. Mama alifariki Jumatatu kabla basi langu halijafika Muleba.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilitaka kuinuka na sikujua naelekea wapi. Barabara zote nilizozijua zilikuwa zimepita kwenye ile simu yenye ufa.

Nilimkuta nyumbani anaosha gari uani. Nikasimama upande wa pili wa boneti.

"Ile simu yako ya zamani iko wapi?"

Akaendelea kusugua. Halafu akatupa kitambaa kwenye ndoo. Hakukana, na hilo nalikumbuka kwa heshima na kwa uchungu pia.

"Iko kwenye gari."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Wewe ni mke wangu. Kuna siri gani kati ya mke na mume?"

"Basi nipe na mimi yako nisome."

Akainama, akakikamua kile kitambaa.

"Na vile viatu?" nikamuuliza.

"Viatu gani?"

"Vyeusi."

Akaelewa. Uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyeshikwa. "Niliona unavihitaji."

"Hukuniona. Ulinisoma."

Mama mkwe alikuwa ametoka barazani kwake. Sikushusha sauti. "Na hao wageni wa Rubafu? Ulikuwa umesoma kwamba kifua kinambana mama?"

"Nilisoma," akasema. "Wazee kila siku wanalalamika wanaumwa. Nilijua ukienda, safari hii hutarudi. Ulishaandika kuhusu uhamisho. Sikujua atakufa. Mungu wangu anajua, sikujua."

Nilimwamini, na kumwamini hakukunisaidia chochote. Kama angekuwa mkatili ningejua pa kusimama. Alikuwa mtu anayeogopa, na hofu yake ilikuwa imenizungushia ua wa miti miaka yote hiyo, akiumwagilia maji na kuupalilia, mimi nikidhani ni bustani.

Nilikwenda Nshamba wiki ile ile shule zilipofungwa. Sikuaga kwa simu. Nilifungasha nguo mbele ya mume wangu, nikamshukuru mama mkwe kwa Kihaya, "Kasinge waitu, nakwenda kwa mama," naye akanishika mikono yote miwili. Nilipalilia kaburi, nikafungua madirisha, nikalala kwenye kitanda cha mama. Mume wangu alipiga simu mara nyingi. Siku ya tatu nilipokea. Aliniambia ameitoa ile simu kwenye akaunti. Nilikuwa nimeshaitoa mwenyewe, kwa maelekezo ya mama wa duka, nikiwa bado Bukoba kituo cha mabasi. Nikamwambia asante.

Niliporudi, tuliitwa na wazee wa kanisa. Walisema mengi mazuri kuhusu uaminifu na mengi zaidi kuhusu msamaha. Mmoja akauliza kama kulikuwa na mwanaume mwingine kwenye hizo meseji. Mume wangu ndiye aliyejibu, kichwa chini: "Hakukuwa na mtu. Alikuwa mama yake tu." Nilisamehe, kwa maana kwamba nilitamka. Tukarudi nyumbani kwa gari lake, tukapita sehemu ile ambapo ziwa linaonekana lote, na hakuna aliyesema ni zuri.

Kisha nikaandika barua ya uhamisho. Niliiandika mezani, yeye akila. Nikaipeleka mwenyewe ofisini. Alijua, safari hii kwa kuambiwa, na kwa miezi yote ya kungoja sikuweza kulala vizuri, kwa sababu kila kilichochelewa nilikihusisha naye. Nilipomwona anaongea na mtu yeyote mjini, nilijiuliza wanapanga nini. Hakuwa amefanya kitu. Uhamisho ulikuja. Nilipangiwa shule ya Muleba, si mbali sana na Nshamba.

Alinihamisha yeye mwenyewe. Alifunga godoro kwa kamba, akapanga vyombo vizuri visivunjike, akaendesha polepole. Kwenye nyumba ya mama alishusha kila kitu, akakaza bawaba ya mlango iliyolegea, akasimama. "Nije Jumapili?" akauliza. Nikasema aje na watoto. Anakuja baadhi ya Jumapili. Watoto wanakaa kwangu wakati wa likizo. Hatujaachana, na sijui neno la kuita tulivyo.

Meseji za mama ninazo, na neno la siri la kuzifungulia liko kichwani mwangu tu. Nilidhani hilo lingetosha. Lakini majuma ya kwanza pale Nshamba, kila nilipotoka kwenda gulioni nilimpigia mume wangu simu kumwambia ninatoka, na nikirudi nampigia kwamba nimerudi. Hakuwa ameniuliza. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama watoto, huna haja ya kuniambia."

Nikasema najua. Kesho yake, nikiwa nimeshika kapu, nikampigia tena.