Vazi la Tata la Kuzamia

Juzi, nikiwa pwani, nilimwona mzamiaji akisuuza vifaa vyake kuondoa chumvi na mchanga. Harufu ya mpira uliolowa ikanirudisha uani kwetu Kolwezi. Tata, baba yangu, alikuwa akizamia kwenye bwawa la umeme, mtoni Lualaba, kusafisha vyuma vilivyozibwa na magugu. Kila aliporudi nilimmiminia maji, naye akilisugua vazi lake nje na ndani.

Alasiri moja alisugua polepole kuliko siku zote. Barabarani majirani zetu, wenye asili ya Kasai kama sisi, walipita na magodoro vichwani, wakielekea stesheni ya treni.

"Mwanga na mu mikono, mama," aliniambia mimi bintiye, akinifungulia mikono ya vazi nimwage maji. "Mwenye atavaa nyuma yangu asikute muchanga yangu."

Nilifurahi, nikidhani kazini watampa vazi jipya. Leo naelewa kwamba tulikuwa tunafukuzwa mjini kwa sababu ya asili yetu, na kazi yake alikwisha kupewa mwingine.

"Ile ya mupya batakupa, itakuwa rangi gani, tata?"

Maji yalikuwa yakitoka safi kabisa, bila hata chembe ya mchanga, lakini akaniomba nijaze ndoo nyingine.