Vidole Nilivyovifunga Uzi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati moja ya upande wa Mnyambe, Newala, Muuguzi Mkunga alinipa ndoo, sabuni na onyo. "Mama Selemani, humu utaona mengi. Macho yafanye kazi, mdomo upumzike." Nilikuwa na darasa la nne tu, nikaajiriwa mhudumu: kusafisha wodi, kuchemsha vifaa, kuogesha vichanga. Nikajiuliza, humu kuna nini hata mdomo ukatazwe?

Wiki haikuisha nikajua. Alizaliwa mtoto mwenye kidole cha sita, kimening'inia pembeni ya kidole cha mwisho kama punje. Muuguzi Mkunga akakizungushia uzi pale shinani, akakaza. Damu ikikosa njia, kidole hunyauka kikadondoka chenyewe, na mama hukifukia pamoja na kitovu. Kwetu mtoto wa vidole sita husemwa. Wengine watamcheka jandoni, wengine watauliza bibi yake alimroga nani. Basi tulifunga, na daftarini hatukuandika. "Kidole si ugonjwa," alisema.

Alipohama, kazi hiyo ikawa yangu. Kuandika kunanisumbua, lakini jina halinipotei. Tangu Mnyambe hadi Mkunya nilikohamishiwa, nilifunga vidole vya watoto kumi na tisa. Nawajua wote, wao na mama zao.

Mwisho nikapelekwa hospitali, Masasi mjini. Ndiko alikoletwa Zuhura wa Mkunya, binti wa miaka tisa. Jua likitua alikuwa anajigonga milangoni. Daktari wa Macho alimwangalia, kisha akaushika mkono wake, akaugeuza, akakagua kovu dogo pembeni.

"Mama Zuhura, mwanao alizaliwa na kidole cha ziada?"

"Hapana."

Mama Zuhura hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, nimeshika beseni.

Nikashuku. Macho na vidole wapi na wapi? Huyu anamtafuta aliyekiondoa. Au anataka damu, na damu ya watu wetu ikishachukuliwa hatuambiwi ilikofika. Nikamfuata ukumbini. "Daktari, vidole vya nini?"

"Mama Selemani, kwenu Newala zamani mlikuwa mnateka maji wapi?"

"Bondeni, tukipandisha kichwani. Juu mlimani hakuna maji."

"Basi ndiyo hivyo." Akanieleza kwamba karibu kila seli, yaani vile vijipande vidogo vya mwili, husimamisha kijinywele kimoja kinachopokea habari kama antena ya redio. Ila kule juu ya kijinywele hakutengenezwi kitu. Kila cha kukijengea hupandishwa kutoka chini, na wapandishaji ni protini. Zipo zinazopanda na mzigo, zipo zinazoshuka na mabaki, zipo zinazokaa mlangoni, pale shinani, kuchagua cha kupita. Protini moja ikiwa na kasoro, kijinywele hakijengeki, au kinasimama lakini hakisikii. Mtoto akiwa tumboni, vidole vinakosa kuambiwa viishie vitano. Jichoni, panaanza kufa pale panapoona gizani. Na figo nazo zinaharibika.

"Kwa hiyo kila mwenye kidole cha sita ni mgonjwa?"

"Hata. Wengi ni wazima kabisa. Lakini kidole kikiandamana na macho haya, namsafirisha akapimwe figo. Kwa macho peke yake nitampa miwani, aende zake, figo zife kimyakimya."

"Na aliyekiondoa?"

"Sina shida naye."

Sikumwamini. Hata leo namwamini nusu. Lakini nilirudi ndani nikasema, "Alikuwa nacho. Mkono wa kushoto, na mguu wa kushoto. Nilifunga mimi."

Mama Zuhura akanijibu taratibu, "Nilikupa siri uimeze. Umeitema mbele za watu."

Figo zilikutwa zimeanza kuharibika. Akapewa dawa na masharti ya kuzilinda. Macho hayakurudi. Mama yake hajaniamkia tangu siku ile.

Daktari aliomba majina ya wale wengine, nikamnyima. Karatasi ina miguu. Nilipostaafu nikaanza kuwafuata mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikiomba mtoto aangaliwe macho, apimwe mkojo na presha. Wengi wamekutwa wazima, kama alivyosema. Nami nikiondoka nasikia nyuma yangu, "Kibibi hicho kimetumwa." Ninyi wauguzi wa leo, msifunge uzi kama sisi. Mwiteni daktari, na mwandike.

Mwezi uliopita nilifika Chiwata, kwa Baba Somoe, ambaye bintiye ni mmoja wa wale kumi na tisa, aliyehamia huko kutoka Mkunya. Shikamoo hakutoa. Nikamweleza habari ya kidole, macho na figo.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Basi miaka yote hiyo ulinyamazia nini?"

Nikaketi kizingitini. Aliingia ndani, nikajua amekwenda kuchukua fimbo ya kunifukuzia. Akatoka amemshika mkono Somoe, mwanamwali mzima sasa, anapapasa ukuta mchana kweupe.

"Sema tena," akaniambia. "Polepole. Hayo ya figo."