Bei ya Kumtoa Fahali Zizini

Asubuhi ile niliondoka Nyamisangura bila kujua naenda wapi. Mfukoni nilikuwa na kadi nilizozikata kwenye maboksi ya biskuti na kuzichora kwa kalamu ya wino. Shule niliiacha mapema, lakini kichwa hakikuacha kuuliza, na siku zile kilikuwa na swali moja: kwa nini mchezo wangu unakufa kila ninapoupeleka?

Lori la maji lilikuwa linaelekea machimboni, upande wa Itiryo. Wakati ule kila gari lilifuata dhahabu. Nikapanda juu ya mapipa.

Mama mwenye kibanda cha chakula aliipokea shikamoo yangu bila kuacha kusonga ugali. "Marahaba. Nani anakudhamini hapa?"

"Sina mtu, mama."

"Basi kula, uondoke kabla jua halijazama. Watu wamechoka kuibiwa mawe yao ya dhahabu. Mgeni asiye na mdhamini akikutwa gizani, hawamuulizi jina."

Lori lilikuwa limesharudi. Nikatoa kadi, maana sikujua njia nyingine ya kuzoeana na watu.

Wachimbaji waliokuwa wamepumzika walisogea. Nikawagawia. Kila mtu anapanga kadi zake za ndama chini, hilo ndilo zizi. Kadi za mkononi ndizo zinazopigana: yenye nukta nyingi inashinda, aliyeshindwa anapoteza ndama. Ukiishiwa ndama, umetoka. Kabla ya kuanza, ruksa kubadilishana. Mchimbaji mmoja mwenye mabega mapana alitoa kadi tatu apate moja tu, ya Fahali.

Fahali alishinda kila kitu, kisha akarudi mkononi kushinda tena. Mwenye mabega aliwamaliza wote. Mwanzoni walicheka.

"Mura, kijana wewe, hizi kadi zimepangwa," mmoja wao akaniambia, kijana mwenye koti la mvua. "Unatuzubaisha hapa, wenzako wapekue viroba vyetu. Nani kakutuma?"

Akasimama kati yangu na njia.

"Subirini, naitengeneza."

Nikakata nukta kadhaa za Fahali kwa kalamu. Mwenye mabega akaitazama kadi yake. "Sasa huyu ni beberu." Akaitupa chini, na hakuna aliyeiokota. Ndivyo ilivyokuwa hata mjini: Fahali mwenye nguvu aliua mchezo, Fahali dhaifu aliua hamu.

Vivuli vilikuwa virefu. Nyuma ya kibanda niliona zizi, magogo yamepangwa mlangoni.

"Mama, ukitaka kumtoa fahali peke yake unafanyaje?"

"Naondoa magogo. Halafu nakimbizana na ndama, maana hao hawasubiri."

Nikaiinamia kadi pale chini, nikarudisha nukta zote. "Fahali anashinda kama zamani," nikawaambia. "Lakini ukimtoa, mlango uko wazi. Ndama wako mmoja anatoka kabla ya pambano, wala harudi."

Mwenye mabega akaiokota kadi. "Kaa, tucheze mimi na wewe."

Alimtoa Fahali mapema, ndama wakapungua pande zote mbili. Tulipobakiwa na ndama mmoja mmoja, akanyoosha mkono kumtoa tena. Mkono ukasita.

"Cheza, mura!"

"Akimtoa kafa!"

Niliutazama ule mkono kuliko kusikiliza kelele zao. Akamlaza Fahali juu ya paja, akaweka Mbwa. Mimi nilikuwa na Fisi, mwenye nukta chache kuliko Mbwa; nikampoteza ndama wangu wa mwisho. Walipiga kelele hadi mama akatoka na mwiko.

Mwenye koti alikuwa ameshachuchumaa. "Nipe Fahali, nakupa kadi nne."

"Hatoki."

"Na huyu mgeni?" mwenye koti akakumbuka. Jua lilikuwa limegusa kilima.

"Namdhamini mimi. Analala kwangu. Akiondoka nitacheza na nani?" akasema mwenye mabega.

Kwake kulikuwa na turubai juu ya miti minne. Akasogeza koleo, akanitandikia gunia kando ya mawe yake, aliyoyapanga kama ukuta.

"Viatu viingize ndani," akasema. "Huku vinatembea vyenyewe."