Kibendera Nilichokiona Dirishani

Ligi iliposimamishwa kwa sababu ya korona, mimi sikuacha kukimbia. Shule niliyokuwa nikifundisha, Busia upande wa Uganda, ilikuwa imefungwa pia, kwa hiyo asubuhi sikuwa na darasa la kuwahi. Nilivaa raba zangu nikakimbia kando ya foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja madereva wapimwe mpakani. Walikaa pale siku nyingi, wakifua nguo na kuzianika kwenye vioo vya malori, na walinizoea mpaka wakawa wananiuliza: jana ulipita mara nne, leo mbona tatu? Mume wangu naye aliniuliza nakimbilia nini wakati mpira wenyewe haupo. Nilimwambia mshika kibendera akinenepa hapangiwi tena mechi, na mimi nilikuwa nimesubiri miaka sita kupandishwa ligi kuu.

Simu ya kuniita ilikuja mwaka ukielekea kuisha. Ligi inarudi, bila watazamaji. Waamuzi wanne tufike Tororo siku tatu kabla ya mechi, tupimwe, tukae gesti moja, tusitoke. Gesti ilikuwa nyuma ya uwanja, nyumba ya ghorofa yenye vumbi la kiwanda cha simenti hata kwenye majani ya maua. Mwenye gesti, mama wa makamo, alininyunyizia dawa mikononi kabla hajaitikia salamu yangu.

Kati ya wenzangu watatu nilimjua vizuri mmoja. Alikuwa fundi wa pikipiki wa pale pale Busia, na tulianza kushika vibendera pamoja kwenye mashindano ya vijiji, Masafu na kwingineko, tukirudi nyumbani kwa baiskeli yake moja. Safari hii yeye alikuwa mwamuzi wa akiba. Aliponiona alipiga tumbo lake na kucheka.

"Madamu, wewe umekauka kama omena. Mimi hii miezi yote nimekaa kwa benchi ya gereji tu."

Tulipimwa siku hiyo hiyo, kijiti puani mpaka machozi yakatoka. Kesho yake jioni kamisaa wa mchezo alisimama katikati ya ua, barakoa mbili usoni, akaita jina langu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Madamu, yako imerudi na ugonjwa. Panda juu, chumba cha mwisho. Usiguse kitu njiani."

Sikuwa na homa, sikuwa na kikohozi. Harufu ya vitunguu jikoni niliisikia vizuri kabisa. Nilimwomba nipimwe tena, akasema vipimo havichezewi. Nilibeba mkoba wangu nikapanda. Nilipokaa kitandani nikasikia ufunguo ukizunguka kwa nje.

Niliuendea mlango nikaupiga kwa kiganja. "Mama, mbona unanifungia?"

"Ule mzee wa barakoa mbili ndio alisema," mwenye gesti alijibu kutoka kwenye ngazi. "Mimi nafanya nini, Madamu? Nikikataa nafunga gesti."

"Na nyumba ikiwaka moto?"

"Nakaa na funguo kwa shingo yangu. Nakuja mbio."

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, beseni, na dirisha moja lenye vyuma. Nilikipima kwa hatua: saba kwenda, nne kukatiza. Chakula alikileta mara mbili kwa siku. Alifungua, akasukuma sahani kwa mguu, akafunga. Nilimpigia mume wangu nikitegemea atasema anakuja. Badala yake alivuta pumzi ndefu.

"Watu wa mtaa wamejua tayari," akasema. "Leo jirani amekataza watoto wake wasiteke maji na wetu. Hata ukitoka huko, mama watoto, ngoja kwanza. Kaa huko mpaka watu wasahau."

"Nikae wapi? Hapa chumbani?"

"Sijui. Lakini usije sasa."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa. Mimi mwenyewe, miezi michache nyuma, nilikuwa nikikimbia upande wa pili wa barabara kila nilipolipita lori ambalo dereva wake alikuwa akikohoa.

Siku ya mechi ilifika, na fundi wa pikipiki alipewa nafasi yangu. Dirisha langu lilitazama uwanja juu ya ukuta. Nusu moja ya uwanja ilizibwa na paa la jukwaa, lakini nusu ya upande wangu niliiona yote, na vyuma vya dirisha vilinyooka sawasawa na mstari wa kumi na nane, ule wa eneo la penalti. Sikuwahi kuiona mechi ya ligi kuu kwa karibu namna ile nikiwa sina kazi ya kufanya. Bila watazamaji, nilisikia kila kitu: golikipa akiwatukana mabeki wake, mpira ukipigwa kichwa, refa akisema "cheza, cheza". Kuna watu walipanda miti nje ya ukuta, askari wakawashusha kwa fimbo, wakapanda tena.

Kipindi cha pili wageni walishambulia upande wangu. Rafiki yangu alikimbia chini ya dirisha, mgongo wake kwangu, na nilimwona ameshachoka. Alikuwa anaweka mikono kiunoni kila mpira ukitoka. Bado hakukuwa na bao. Mechi ikikaribia kuisha, kiungo wa wageni alipenyeza pasi kati ya mabeki wawili, mshambuliaji akaikimbilia, akamzunguka golikipa, akafunga.

Nilikuwa nimeshikilia chuma kwa mkono wa kushoto. Mkono wangu wa kulia, ule wa kibendera, ulikuwa umelala tu pajani. Haukushtuka hata kidogo. Mshambuliaji na beki wa mwisho walikuwa sambamba wakati pasi inatoka, mabega kwa mabega. Lakini chini pale, hatua mbili au tatu nyuma ya mchezo, kibendera kilikuwa juu. Refa akapuliza, bao likakataliwa. Wageni walimzunguka rafiki yangu wakipiga kelele, na yeye alisimama ameganda, mkono juu, kama mtoto aliyeambiwa asiushushe. Mechi iliisha bila bao.

Jua likizama alikuja akaketi sakafuni nje ya mlango wangu. Nilimtambua kwa kikohozi chake cha mzaha.

"Madamu, umeshiba?"

"Nimeshiba maharage."

Nami nikaketi chini upande wangu, tukawa tumepeana migongo, mbao katikati.

"Ulitazama?"

"Nilitazama."

"Ile ya mwisho. Alikuwa ameotea?"

Ningeweza kusema sikuona, paa lilinizuia. Mpaka leo naijaribu ile sentensi na naona ingepita. Lakini tangu siku za ile baiskeli tulikuwa na kawaida ya kuambiana makosa kabla wengine hawajatuambia.

"Hakuotea," nikasema. "Walikuwa sawa. Wewe ulikuwa nyuma."

Nilisikia akijikuna ndevu. "Miguu ilikataa. Niliona mgongo wake tu, nikafikiri ametangulia." Halafu akasema, "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nimefungiwa."

Alicheka kidogo, akaniaga. Asubuhi yake wote wakaondoka.

Siku nne baadaye video ilianza kuzunguka kwenye simu. Ilikuwa imepigwa kutoka juu, upande wa gesti, sambamba kabisa na beki wa mwisho, na hata mtoto angeona kwamba bao lilikuwa halali. Wageni waliipeleka kwa wakubwa wa ligi. Rafiki yangu alisimamishwa mpaka msimu uishe. Nilimpigia mara moja, hakupokea. Nilimpigia tena kesho yake, na keshokutwa, nikiwa bado nahesabu hatua saba na hatua nne.

Nilikaa mle siku kumi na nne. Waliponipima tena sikuwa na kitu, na hakuna aliyeniambia kama niliwahi kuwa nacho. Mwenye gesti alifungua mlango, akauacha wazi, akakaa kwenye ngazi bila kuniangalia.

"Madamu, mimi nilikuwa juu kwa paa, naanika mashuka," akasema. "Kijana wangu iko Kampala, yeye napenda sana mpira. Nilipiga hiyo video, nikamtumia yeye peke yake. Sikujua inafika mbali. Tafadhali, usitaje mimi. Wakijua hawaleti watu hapa tena."

Nilimwahidi kwamba sitamtaja, na ahadi hiyo niliivunja kabla sijafika Busia. Nilimtumia rafiki yangu ujumbe mrefu nikiwa stendi ya Tororo, nikamweleza habari ya paa na mashuka. Alipiga simu yeye mwenyewe.

"Madamu, dirisha yako ndio ilikuwa kwa laini," akasema. "Uliniambia mwenyewe uliona vizuri."

"Kweli niliona. Lakini sikupiga video. Ningekuficha nini, wewe na mimi?"

"Sawa."

"Unaniamini?"

"Sawa, Madamu. Nimesikia."

Nyumbani mume wangu alikuwa ameniandalia godoro chumba cha nje, karibu na kuku. Nililala huko wiki tatu, nikila kwenye sahani yangu peke yangu. Watoto walinipungia mkono kutoka mlangoni. Sikulalamika. Nilikuwa nikifikiria gereji iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka pale, na sikuweza kwenda, kwanza kwa sababu walinikataza kutoka, na baadaye kwa sababu sikujua ningesema nini ambacho sikuwa nimesema.

Msimu uliofuata tulipangiwa mechi moja, mimi laini ya jukwaa, yeye laini ya pili. Alikuwa amepungua mwili na alikimbia vizuri. Kabla ya mechi aligonga ngumi na refa, akagonga na mwamuzi wa akiba, halafu zamu yangu ilipofika akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Siku hizo kila mtu alikuwa bado anaogopa kugusana, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Alichukua kibendera chake akaenda upande wake wa uwanja.