Niliapa Kwamba Ndugu Yangu Hajulikani Aliko

Nimekosa, tena kosa lenyewe nililifanya nimeshika Biblia, na akili zangu zote timamu. Sikuwa nimekunywa pombe ya rubisi, wala hakuna aliyenishikia panga. Jamani, niacheni niseme, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka!

Mimi ni mwanamke wa Kyerwa, kwetu ni upande wa Kaisho. Niliolewa Igurwa, ndoa ikanishinda, nikarudi kwenye kibanja cha marehemu baba. Kwa wasiotujua, kibanja ndiyo shamba la nyumbani: migomba, mibuni, maharage, nyumba katikati na makaburi ya wazazi pembeni. Kwa desturi yetu anayekirithi ni mtoto wa kiume, na kwetu wa kiume ni mmoja tu, mdogo wangu. Mimi nilikaa pale kwa hisani yake.

Yeye alikuwa amevuka mpaka, anachunga ng'ombe wa tajiri mmoja huko Uganda. Hakupotea! Alikuwa ananipigia simu, anauliza kama mnyauko umeingia kwenye migomba, anauliza kama paa bado linavuja. Siku moja akaniambia, "Dada, nimepata mchumba. Tutakuja kujenga."

Nilipiga vigelegele kwenye simu. Lakini nilipoikata nikaanza kuwaza. Huyo mke akifika, mimi nitakuwa nani pale? Mawifi wawili jiko moja, nani asiyejua mwisho wake? Wasiwasi huo nikaupeleka kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, mzee wa kanisa, mtu aliyetulea tulipobaki yatima. Laiti ningeupeleka kwa mbuzi!

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekuporomoka?"

Nikamweleza. Akanisikiliza kwa upole ule ule aliotulea nao, kisha akasema, "Ukoo hauwezi kukaa ukampa mwanamke kibanja. Wataniona nimerukwa na akili. Lakini nikikidai mimi kwenye baraza la ardhi, nikapewa, nani atanizuia kukuachia wewe?"

"Na mdogo wangu, baba?"

"Yuko wapi? Hapa kijijini nani amemwona?"

"Yuko Uganda. Ananipigia simu."

"Hiyo simu umeisikia peke yako," akasema.

Nilielewa vizuri alichomaanisha. Msije mkadhani nilidanganywa kama mtoto. Alinieleza kwamba mtu akishtakiwa kwa ajili ya ardhi na hapatikani, baraza linaweza kuruhusu aitwe kwa tangazo la gazetini. Asipotokea, kesi inasikilizwa upande mmoja. Kilichotakiwa ni ndugu wa damu wa kuapa kwamba jamaa ametafutwa kila mahali na hajulikani aliko. Nani angembishia dada yake wa tumbo moja?

Tulikwenda kwenye baraza la ardhi la wilaya. Mlangoni nilizima simu, kwa kuogopa mdogo wangu asije akanipigia mle ndani! Nilipokwisha kuapa, mwenyekiti akaniuliza nimefanya juhudi gani kumtafuta ndugu yangu. Nikajibu kwamba nimeuliza kwa ndugu na marafiki wote, hakuna mwenye habari zake. Baba mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa kama yuko msibani.

Huku kwetu kila mtu anajua namna ya kumtafuta mtu. Unapeleka tangazo kanisani, linasomwa Jumapili baada ya ibada. Siku ya gulio habari zinapanda kwenye malori ya ndizi, na kabla hujakaa sawa, aliyeko Mbarara, ng'ambo ya mpaka, ameshaambiwa kwamba nyumbani wanamtaka. Hatukufanya hivyo. Gazeti likatoka, na sijui kama hata nakala moja ilifika Kaisho. Baba mkubwa ndiye aliyekuja nalo na kunisomea: jina la mdogo wangu, kibanja na mipaka yake, na mwisho wakaitwa pia watu wengine wowote wenye madai juu ya ardhi hiyo. Nikaitikia kwa kichwa. Watu wengine! Nilidhani ni maneno ya wanasheria tu.

Katika siku zile zile mdogo wangu akapiga simu. "Dada, kibanja hakijambo?"

"Hakijambo," nikamjibu. "Njoo tu kwa nafasi yako."

Waitu! Huyo ndiye niliyembeba mgongoni nikienda naye kisimani.

Siku ya kesi hakutokea. Angetokeaje? Baba mkubwa akapewa ushindi. Nikampikia kuku. Alimla, akanibariki, akasema tungojee kidogo mambo yatulie ndipo aite ukoo anikabidhi kibanja mbele yao. Mambo yakatulia. Nikiuliza, ananiambia niwe na subira. Halafu asubuhi moja akaja mwanawe wa kwanza na vijana wenye mapanga, wakaanza kuifyeka mibuni aliyoipanda marehemu baba, ili huyo mwanawe apate uwanja wa kujenga.

Nilikimbia hadi kwa baba mkubwa, kanga inaburura chini. "Baba, tulikubalianaje?"

Hakunikaribisha hata ndani. "Mwanangu, wewe ulishaolewa. Kwenu ni kwa mumeo."

"Lakini uliahidi!"

"Nani alisikia?"

Mzee wa kanisa huyo! Aliyeshika mkono wangu kaburini kwa baba na kuniambia, "Baba yenu ni mimi sasa." Nilimwamini kuliko nilivyomwamini mchungaji. Hadi leo nikimwona anapita na Biblia yake kwapani natamani kumrushia matope.

Nikaenda barazani kulalamika kwamba ninafukuzwa kwetu. Karani akafungua jalada, akanitazama kwa huruma. "Mama, mwenye madai yoyote aliitwa gazetini. Na wewe siku ile ulikuwa humu humu, ukasimama shahidi wa mdai. Leo unadai nini?" Akaniambia anayeweza kuomba hukumu ile ifutwe ni mdogo wangu, aje aseme kwamba alikuwepo na hakupata taarifa.

Nikampigia. Nikamwambia baba mkubwa amechukua kibanja. Akawaka! "Kwa njia gani? Mimi si nipo?"

"Waliapa kwamba hujulikani uliko."

"Nani aliapa? Dada, nitajie huyo mtu. Nakuja, nitamkamata mbele ya baraza aseme uongo wake nikimtazama."

Ningeweza kumtaja mwingine. Ulimi ulishafika hapo, nikachoka. Nikasema, "Ni mimi."

Nikasikia ng'ombe wake wanalia nyuma. Halafu akaniuliza taratibu, "Hata siku ile uliponiambia hakijambo?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Tangu hapo namba yake haipatikani. Nimepeleka tangazo kanisani Kaisho, nikapeleka na Kiruruma, nimewauliza madereva wa malori ya ndizi. Mmoja akaniambia mdogo wangu aliondoka kwa yule tajiri pamoja na mchumba wake, hakuaga. Kibanjani anakaa mtoto wa baba mkubwa, na siku za kupalilia makaburi ya wazazi wangu nabisha hodi kama mgeni.

Nawe unayesoma hapa, ukiombwa kuapa kwamba ndugu yako hajulikani aliko, na namba yake unayo, mpigie kwanza. Mwambie yote, hata kama unaogopa wifi, hata kama anayekuomba ndiye aliyekulea. Na ukisikia ardhi ya kwenu imefunguliwa kesi, nenda mwenyewe ukaulize umeandikwa kama nani.

Juzi nilirudi kwa yule karani, akaniuliza kama nimempata mdogo wangu. Nikamwambia sijui aliko. Safari hii sikuapishwa, na ilikuwa kweli.